Mdundo wa Ireri ndani ya Kinanda

Tulimzika Mwalimu Nyaga mwezi wa nane, kwenye shamba lake nje kidogo ya mji wa Embu. Nilifika nimekunja uso, kwa sababu viatu vilinibana na kwa sababu sikutaka kuamini. Nikakaa benchi la nyuma chini ya hema, na mtu akaja akaketi kando yangu bila salamu, akaanza kugonga goti lake kwa vidole viwili, polepole. Sikugeuka. Nilijua ni Ireri. Mtu anaweza kukonda, akaota kipara, akavaa koti lisilo lake, lakini vidole ni vile vile. "Kananu," akaninong'oneza, "bado uko na hasira?" Nikamwambia hasira yangu haimhusu, na kwamba nikimwona amekonda namna hii nitaiongeza. Tukacheka tumefunika midomo, wazee wawili wasio na haya matangani, mpaka mama mmoja wa kanisa akatugeukia kwa jicho kali. Tangu siku hiyo mwaka ule mmoja umenirudia wote, chumba kwa chumba na sahani kwa sahani, na nisipouandika hautaniacha nipike kwa amani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi ni mtu wa Muthara, na Embu nililetwa na kazi ya kupiga taipu katika ofisi moja ya mjini. Jumapili nilipiga kinanda kanisani, na hapo ndipo Mwalimu Nyaga aliponisikia akaniita kwenye bendi yake ya harusi. Tulikuwa wanne: yeye kwa gitaa na sauti, Ireri wa Gachoka kwa ngoma, kijana mmoja wa besi, na mimi kwa kinanda kidogo cha kuazima kilichokuwa na sauti ya mbu. Mazoezi yalikuwa Jumanne jioni sebuleni kwa Mwalimu, kati ya kabati la vyombo na makochi yenye vitambaa vilivyofumwa na mkewe, Mama Wawira. Jiko lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, kwa hiyo kila wimbo tuliujifunza ukiwa na harufu yake, huu wa vitunguu, ule wa maharagwe yaliyokaribia kuungua. Ireri aliishi hapo hapo, katika chumba cha uani, na Mama Wawira hakumruhusu kugusa ngoma kabla hajala. Alikuwa anasimama mlangoni na mwiko, anamtazama akimaliza, ndipo anasema haya sasa, pigeni kelele zenu.

Mwaka ulianza vibaya, maana kijana wa besi alikwenda Nairobi na hakurudi. Mwalimu naye alikuwa amemwona mtu mmoja kwenye harusi huko Meru, peke yake na kinanda, mkono wa kushoto umekaa tu mahali pamoja, huku besi, ngoma na tarumbeta zinalia zenyewe. Alirudi kama mtu aliyeokoka. Alituhubiria juma zima: hakuna tena kupakia ngoma kwenye pikapu mvua ikinyesha, hakuna tena kungoja mtu, unabonyeza kitufe na bendi nzima inaamka. Ireri alimsikiliza akitafuna. Hakuna aliyekuwa mjinga pale mezani. Wote tulijua kitufe hicho kikiamka ni nani atakayelala. Nilidhani Ireri angekasirika. Badala yake alisema anakuja Meru pamoja nasi, akamwone huyo anayetaka kumrithi.

Duka lilikuwa ghorofani, juu ya mahali pa kuuza mbegu, na muuzaji alikuwa mtu mpole wa kwetu Tigania, kwa hiyo Kimeru changu kilipata kazi. Alitutolea vinanda vitatu. Cha kwanza kilikuwa na taa nyekundu na kijani na midundo isiyohesabika, na ukibonyeza mahali fulani kinabweka kama mbwa, pengine kinanguruma kama helikopta. Mwalimu, mtu mzima mwenye tai, alikibwekesha mpaka watu wakapanda ngazi kuja kuangalia. Mimi nikakijaribu kwa vidole. Ukikigusa taratibu, kinapiga kelele. Ukikipiga kwa nguvu, kelele ile ile. Nikamwambia Mwalimu kwamba huyu hasikii anayeongea naye. Cha pili kilikuwa kizuri, kila kidole kilisikika kilivyokusudia, lakini hakikuwa na mahali pa betri, na nusu ya harusi zetu zilikuwa mahali ambapo stima ilikuwa ahadi ya wanasiasa tu. Cha tatu kilikuwa cheusi, kimekwaruzika pembeni, na hakikubweka. Kilisikia vidole. Kilikuwa na kitufe cha kushusha wimbo wote kwa mwimbaji aliyeamka na mafua, na mtu hajui. Kilikula betri kubwa za tochi.

Ireri aliniambia nipige midundo ya hicho cha tatu mmoja mmoja, kwa mwendo wa polepole, yeye amefumba macho. Ilikuwa midundo ya Wazungu, ya kucheza wamekumbatiana, na mingine ya disko. Alitikisa kichwa kila mara. Alisema huyo mpiga ngoma wa ndani anapiga kama mtu anayetazama saa. Hapo muuzaji akatuonyesha kwamba mwishoni kabisa palikuwa na nafasi moja tupu, ambapo mtu anaweza kutia mdundo wake mwenyewe na kinanda kikaushika. Lakini akatuonya: kinachoshika ni betri. Zikiisha, au zikitolewa kikiwa hakijachomekwa kwenye stima, kinasahau kila ulichokifundisha. Ireri akafumbua macho. "Mwalimu, chukua hiki." Tulipokuwa tunashuka ngazi nilimvuta koti nikamwuliza kama amerogwa, mtu anamchagulia adui yake silaha? Alicheka kidogo. "Kama lazima kuwe na mwingine," akasema, "afadhali awe mimi."

Jumanne iliyofuata tulimtia ndani. Kila kibao cha kinanda kilikuwa ngoma yake, hiki ngoma kubwa, hiki ndogo, hiki tasa la shaba, na Ireri, aliyekuwa na mikono ya kushika jembe, alijikuta anacheza kwa ncha za vidole kama anayetoa mchanga kwenye ndengu. Shida ilikuwa moja. Mdundo wake ulikuwa na pigo moja lililochelewa kidogo, kama mtu anayesita kabla ya kuruka mtaro. Aliutoa kwa mama yake, alisema, akitwanga mtama. Kinanda hakikutaka kusita huko. Kila alipomaliza, kilimrudishia mdundo umenyooshwa kama shati lililopigwa pasi, na Ireri akawa anasema huyo si mimi, futa. Nilihangaika na vitufe mpaka nikapata kile kinachozuia kunyoosha. Tukarudia. Safari hiyo kilipolia, kusita kulikuwa pale pale. Mama Wawira akatoka jikoni na mwiko, akamwona Ireri amesimama wima mikono mfukoni, akauliza basi ni nani anayepiga. Tulicheka mpaka Mwalimu akafuta miwani.

Tulipoketi kula mukimo jioni hiyo, Mwalimu alitoa sheria. Betri za kinanda si za redio wala si za tochi, hazitolewi, haziguswi, maana zikitoka tu kazi ya Ireri imepotea. Alisema hivyo kwa sababu ndani ya nyumba zetu betri ilikuwa mali ya kila mtu. Ilihama kutoka redio kwenda tochi na kurudi, na ikichoka ilianikwa juani juu ya bati ipate nguvu ya kuimba wimbo mmoja zaidi. Alimaliza, akatia chumvi, kisha akamgeukia mkewe akarudia yote tena. Mama Wawira alikuwa anampakulia Ireri. Akasema, "Nimesikia, Mwalimu."

Baada ya Pasaka Ireri akapumzishwa. Huku kwetu mtu hafukuzwi, anaambiwa apumzike. Tulikuwa tunakunywa chai, na Mwalimu akasema akitazama kikombe, "Ireri, sasa utapumzika kidogo, tuone vile hii kitu itatubeba." Mimi nilipandwa na mori. Nikauliza apumzike nini na hajachoka, na tangu lini mtu akamfundisha mwenzake kazi halafu akaambiwa akalale? Mwalimu akakoroga chai yake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikuwa na wasiwasi wa kweli, bendi ilimlemea, na alijiaminisha kwamba anaokoa kitu. Ireri akasema sawa Mwalimu, akamaliza chai, akaosha kikombe chake mwenyewe. Nilimfuata hadi chumba cha uani nikamwambia na mimi naondoka. Alikuwa anafunga nguo kwenye shuka. "Usiondoke," akasema. "Ukienda, atanibonyeza nani?" Nilimpenda Ireri. Sikumwambia siku hiyo wala nyingine yoyote; alikuja kuoa kwao, mimi nikaolewa kwetu, na tumeishi vizuri wote. Lakini asubuhi iliyofuata alipopanda gari la Gachoka nilikwenda kazini nikaharibu kila karatasi niliyoitia kwenye mashine.

Watu walikipenda kinanda, siwezi kusema uongo. Kila tulikokwenda walijazana mbele ya meza kuangalia vidole vyangu na kutafuta mahali walipojificha wenzangu. Katika pikapu kilikaa kiti cha mbele kati yangu na Mwalimu, kimefunikwa blanketi, na dereva yeyote akitupita angedhani tunapeleka mgonjwa hospitali. Lakini nilipobonyeza ile nafasi ya mwisho Ireri alitoka ndani yake, na kusita kwake, na baada ya hapo akarudia kule kule, na tena kule kule, hata bibi harusi akijikwaa, hata mvua ikianza watu wakakimbia. Ireri wa kweli hakuwahi kupiga kitu mara mbili namna moja. Alikuwa anatazama miguu ya watu. Kinanda kilitazama dari.

Jumanne zikawa za ajabu. Tulifanya mazoezi haraka, kwa sababu hapakuwa na wa kubishana naye, na Mama Wawira aliendelea kupika kama zamani. Sahani ya Ireri ilipakuliwa, ikafunikwa kwa nyingine, ikakaa juu ya kabati hadi tunaondoka. Jioni moja, nikiwa ninakunja nyaya, niliwasikia wakiongea jikoni nyuma ya mbao. Mama Wawira alikuwa anauliza habari za Ireri, na Mwalimu akamwambia anapumzika. Akauliza anapumzika mpaka lini. Mwalimu akasema mambo ya bendi ni ya bendi. Kisha sauti ya Mama Wawira, bila ukali wowote: "Huyu mtoto alikula kwangu miaka mitatu. Mimi sijui kama hiyo nayo ni ya bendi." Mwalimu alitoka akanikuta na nyaya mkononi, akajifanya anatafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa na harusi ya Ishiara, kubwa kuliko zote za mwaka ule. Ijumaa mchana nilifika kupakia. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha kinanda ili nikijaribu, na hakikuwaka. Nikabonyeza tena. Nikakigeuza chini juu. Kifuniko kilikuwa wazi na tumbo lake tupu. Mwalimu alimwita mkewe kwa jina lake la ubatizo, jambo ambalo sikuwahi kulisikia, naye akaingia kutoka uani na betri zote kwenye aproni, zina joto la bati. Akasema zilikuwa zimechoka, ameona azianike kidogo zisituaibishe Ishiara. Mwalimu aliketi kwenye mkono wa kochi. "Si nilikuambia?" akasema. "Si nilikuambia, Mama Wawira?" Yeye akaweka mkono kichwani. Nilisahau, akasema, kichwa changu siku hizi ni chujio, kila kitu kinapita. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kukasirika.

Betri zilirudishwa, lakini nafasi ya mwisho ilikuwa tupu, na Mwalimu akajaribu midundo ya Wazungu mmoja baada ya mwingine. Aliimba wimbo wa wanawake wa kuleta zawadi juu ya ule wa disko, akaacha katikati, jasho linamtoka. Hatimaye akasema, bila kunitazama, kwamba kesho tutazunguka kupitia Gachoka, na tupakie zile ngoma pia, huwezi kujua. Tulimkuta Ireri shambani na mama yake wakivuna muguka, yale majani ya kutafunwa, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Mwalimu alimweleza habari za betri kama mtu anayeeleza ajali ya barabarani. Nikamtazama Ireri nikingoja aseme kitu, maana alikuwa na haki yote ya kusema. Aliuliza tu Mama Wawira yuko namna gani, akanawa mikono, akapanda nyuma ya pikapu pamoja na ngoma.

Hapakuwa na muda wa kukifundisha kinanda upya. Nyumba ya bwana harusi ilikuwa juu ya kilima kikavu, na wanawake walikuwa wanapanda kutoka chini, vyondo vya zawadi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, wimbo umekwisha kuanza. Mbele alikuwa shangazi mkubwa wa bibi harusi, mzee sana, aliyekataa kusaidiwa kubeba mzigo wake. Nilizima ngoma za ndani ya kinanda, nikazima na ile besi inayojipiga, nikaacha mkono wangu wa kushoto uwe besi peke yake. Ireri aliketi mahali alipoweza kuona njia. Akamtazama yule mzee miguuni, akaanza. Mzee alipoteleza kidogo kwenye mawe, ngoma ilisita pamoja naye. Alipopumzika, ngoma ilizunguka pale pale ikimngoja, na wanawake wakazunguka pale pale wakiimba, wala hakuna mgeni aliyejua kwamba kuna aliyechoka. Nilimfuata Ireri kwa mkono wa kushoto, yeye akimfuata mzee. Tulifika naye mlangoni wote kwa pigo moja, na vigelegele vikapasua hewa. Mwalimu alikuwa ameacha kupiga gitaa. Alisimama akatazama, mdomo wazi kidogo, na ilibidi nimgonge kwa kiwiko aingie kwenye ubeti.

Jioni tulipompitisha Ireri Gachoka, aliteremka, akasema labda Jumanne aje akiweke tena mdundo wake ndani, usitupotee. Mwalimu alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Akasema, "Hapana. Jumanne uje na nguo zako. Jumamosi tuko Muthara." Ireri akasema sawa Mwalimu, kwa sauti ile ile aliyoitumia baada ya Pasaka. Mimi nililia kutoka Gachoka hadi Embu, na Mwalimu, Mungu amrehemu, alijifanya ni vumbi, akapandisha kioo.

Bendi ilidumu miaka mingi baada ya hapo, tukiwa watatu. Ile nafasi ya mwisho ilibaki tupu mpaka kinanda kilipokufa. Na kisa cha betri kikawa chakula chetu cha kila Krismasi: Mwalimu alikuwa anakisimulia kwa wageni, jinsi mkewe alivyoanika bendi juu ya bati, naye anacheka pamoja nao akisema kweli, mimi na mashine ni maadui. Hata siku ya mazishi mdogo wake Mwalimu alikisimulia kwenye hotuba yake, na hema lote likacheka, na mjane akacheka mbele kabisa katika nguo zake nyeusi.

Baadaye nilikwenda jikoni kumsaidia. Wanawake wa jikoni hawakutaka afanye kazi, lakini alikuwa amewafukuza wote, yuko peke yake anakoroga maharagwe, amezeeka, mgongo umepinda. Nikamshika bega nikamwambia pole, na kwamba angalau leo wasingemkumbushia hicho kisa cha betri. Aliendelea kukoroga.

"Kananu," akasema, "Mwalimu aliniambia mara mbili. Mimi si kiziwi."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, nikatafuta kitu cha kukalia, nikapata ndoo. Yeye hakunitazama. Alisema alingoja miezi yote ile Mwalimu ageuke mwenyewe, na Mwalimu hakuwa mtu wa kugeuka. Sahani ile juu ya kabati ilikuwa inamwumiza. Nikamwuliza ni kwa nini hakusema, miaka yote hii, watu wakimcheka usoni. "Nikisema, yeye atajua amegeuzwa na mke wake," akasema. "Wacha wanicheke. Kucheka hakuniumizi." Akafuta macho kwa kona ya leso, akaonja chumvi.

Nilikuwa nalia bila aibu. Kupitia mlango niliweza kumwona Ireri kule nje kwenye benchi, na kipara chake na koti lisilo lake, anaongea na watoto wa mtu. Nikamwuliza Mama Wawira kama naweza kwenda kumwambia.

Alichukua sahani kubwa kuliko zote, akaijaza, akanipa.

"Mwambie," akasema. "Lakini ale kwanza."